Mdomo Wangu na Kisomo cha Mama Yako

Ujiji, Alhamisi alasiri

Mwanangu Zainabu,

Umekwenda Bangwe kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko uani anakuanikia shuka. Nyumba imetulia, nami nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Mambo ya sabuni, ya kufunga sanduku, ya kutokula ovyo kwenye stesheni, mama yako amekwisha kukuambia mara tatu na kesho atakuambia mara ya nne, kwa hiyo siyarudii. Barua hii nitakupa mkononi treni ikiwa tayari kuondoka. Nakuomba usiifungue mpaka mpite Uvinza. Sababu yake ni woga wangu tu. Nikijua kwamba utaisoma ukiwa bado unaweza kuteremka na kurudi kuniuliza, sitakupa.

Nianze na Jumapili iliyopita, wageni walipokuja kukupongeza. Mimi ndiye niliyeanza. Nilisema kwamba katika wasichana wote wa shule yenu ni wewe peke yako uliyechaguliwa kwenda sekondari Tabora, nikasema damu ya kusoma haipotei, nikasema na mengine ambayo siyakumbuki. Ukanipokea. Ukasema mtihani ulikuwa mwepesi, ulimaliza wenzako wakiwa bado wanachonga penseli, na kwamba waliobaki wamebaki kwa sababu vichwa vyao vizito. Baba wa mmoja wa hao waliobaki alikuwa ameketi palepale, ameshika kikombe cha chai. Wageni walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Walipoondoka, mama yako akakuambia taratibu kwamba maneno yale hayakuwa mazuri. Nawe ukamjibu. Nilikuwa nyuma ya mlango, nilisikia kila neno. Ulisema, "Mama, wewe ulikuwa na cheti cha kisomo, ukampa mdogo wangu Rajabu dawa bila kusoma. Mimi nitakuwa mtu wa kusoma kila kitu."

Mama yako alikuwa anachambua dagaa. Hakuinua kichwa. Alikubali kwa Kiha cha kwao, "Ego, mwana wanje," ndiyo mwanangu, akaongeza, " Usome kila kitu." Akaendelea na dagaa zake.

Mimi nilirudi chumbani nikakaa kitandani. Ilikuwa saa yangu ya kutoka na kusema, na sikutoka. Hiyo ni mara ya pili. Mara ya kwanza ndiyo ninayotaka kukueleza, na ili uielewe itabidi nikueleze mdomo wangu.

Nilizaliwa na mdomo huu. Siku ya Uhuru nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la nane, na pale Kigoma mjini watu walikuwa wamejaa uwanjani. Nikapanda juu ya pipa nikahutubia kwa Kiingereza. Kiingereza chenyewe kilikuwa maneno niliyoyakariri kwenye kopo la maziwa ya unga: changanya vijiko viwili, koroga, hifadhi mahali pakavu. Niliyatoa kwa sauti ya mkuu wa serikali, mkono mmoja nyuma. Watu walishangilia. Mzee mmoja alinifuata nilipoteremka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamtoka, akasema, "Sasa nchi tunayo, mwanangu." Nilimtazama machoni nikamwambia, "Ndiyo, Mzee." Usiku ule niliona haya kidogo. Kulipokucha haya zilikuwa zimekwisha, na utamu wa makofi ulikuwa bado upo.

Nimewahi kukusimulia hadithi hiyo, nikakuchekesha. Yule mzee sikuwahi kukutajia.

Nilipokwenda kumposa mama yako huko Kalinzi, wazee wake waliambiwa anayekuja ni bwana elimu. Walioambiwa hivyo waliambiwa na mimi. Mama yako hakuwahi kuingia darasani hata siku moja. Alikuwa anajua kahawa, migomba, na njia zote za mlimani. Nilimwambia kwamba kwangu hatapita mwaka bila kujua kusoma. Alicheka, akafunika mdomo kwa kiganja kama afanyavyo hadi leo.

Miaka ya vijiji vya ujamaa ilipokuja tukapelekwa kile kijiji karibu na Ilagala, nami nikapewa kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima. Unakikumbuka kijiji kile. Unakumbuka jengo la nyasi ambalo asubuhi lilikuwa darasa lenu na jioni darasa letu. Wanafunzi wangu walikuwa wavuvi na wake zao na wazee watatu. Kitabu chetu kilihusu uvuvi: nyavu, mitumbwi, namna ya kukausha samaki. Kazi ile niliipenda kwa moyo, mwanangu, usidhani nilikuwa mlaghai mtupu. Mvuvi mmoja mwenye mvi aliposoma jina lake kwa mara ya kwanza aliniomba ruhusa ya kwenda kulionyesha nyumbani, akatoka mbio na daftari mkononi. Furaha ile ilikuwa ya kweli.

Lakini ukinipa furaha moja naitangaza kumi. Wageni walipokuja kutoka wilayani kutukagua, kila mwalimu aliulizwa anatarajia wangapi wafaulu. Mwenzangu wa kijiji cha jirani alisema nusu, akipata zaidi atamshukuru Mungu. Zamu yangu ikafika. Nikasimama nikasema, "Darasa langu hatabaki mtu. Akibaki hata mmoja, mninyoe nusu ya kichwa, nitembee hivyo mpaka Kigoma."

Walipiga makofi. Nikakaa. Ndipo nikamwona mama yako kwenye benchi la nyuma, Rajabu yuko kifuani ananyonya, ananitazama.

Mama yako alikuwa hajui kusoma. Alikuwa anajua kuandika jina lake, na herufi alizijua mojamoja, ila zikikaa pamoja zilimkataa. Alikuja darasani amechoka, na mtoto, na moshi wa jikoni machoni, na mwalimu wake alikuwa mimi. Wanafunzi wengine niliwavumilia. Yeye nilimkaripia, kwa sababu alikuwa wangu. Nilimwambia mbele ya watu, "Mke wa mwalimu ndiye wa mwisho?" Tangu siku hiyo akawa hasemi "sijui." Anainamisha kichwa tu.

Zilipobaki wiki tatu kabla ya mtihani nilijua kwamba yeye peke yake hataweza. Ningeweza kwenda kwa wakaguzi nikasema, mke wangu bado, mumwache hadi mwaka ujao. Lilikuwa jambo dogo. Kichwa kingenyolewa, nywele zingeota. Badala yake nilimkalisha chini kila siku baada ya kazi za shamba nikamkaririsha ukurasa mmoja, ule wenye picha ya wanawake wanaotandaza samaki juu ya mchanga. Nilisema sentensi, akaisema. Nilimfundisha kutembeza kidole. Nilimwambia atakapoambiwa achague ukurasa autafute ule wenye picha.

Alipoukariri wote aliniuliza, "Mwalimu, sasa huku ndiko kusoma?"

Nikamjibu, "Ndiko kuanza kusoma."

Siku ya mtihani alisimama, akafungua penye picha, akasoma bila kukwama. Sauti yake ilikuwa nzuri kuliko za wote. Kidole kilikuwa nyuma ya maneno kwa mstari mzima, lakini msimamizi alikuwa amechoka, au aliona akanihurumia, sijui. Alipewa cheti. Darasa zima walipewa. Nilibebwa juu juu kuzunguka kijiji.

Nikakitundika cheti chake ukutani, mkabala na mlango, mtu akiingia kiwe cha kwanza kumtazama. Na sikuishia hapo. Nikawa nawaambia watu kwamba mke wangu anasoma gazeti kuanzia juu mpaka chini. Wageni wakija namwita, "Mama Zainabu, hebu chukua gazeti, tuambie habari." Naye analishika. Analitazama kwa muda, kisha anauliza, "Huyu kwenye picha ni nani?" nami nadakia na kueleza, na mazungumzo yanaendelea. Tulifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba sikuona tena kama ni uongo. Watu waliacha kumwita Mama Zainabu wakamwita Mama Mwalimu. Niliona nimempa heshima.

Sasa nafika pale ambapo mkono unakataa.

Rajabu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Alipata upele mwili mzima, na wiki ileile akashikwa na kuhara. Mimi nilikuwa nimeitwa Kigoma kwenye mkutano wa walimu wa kisomo, niwaeleze wenzangu jinsi ya kufaulisha darasa zima. Ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya siku ile. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu, nikimtaja mama yako kwa jina.

Mama yako alimfunga mtoto mgongoni akaenda zahanati, mwendo wa saa moja na zaidi. Mganga alimpa dawa mbili ndani ya chupa mbili alizokwenda nazo mwenyewe, chupa za namna moja. Dawa zote mbili zilikuwa nyeupe kama tui. Moja ya kunywa, ya tumbo. Moja ya kupaka, ya upele. Mganga aliandika kwenye vikaratasi akavigandisha. Watu walikuwa wengi wanasubiri. Alimtajia upesi ipi ya kunywa, na kwamba ni kijiko kimoja mara tatu kwa siku, kisha akamwambia, "Wewe Mama Mwalimu sina haja ya kukupotezea muda. Kila kitu nimeandika hapo."

Mganga yule nilimlaumu kwa miaka. Niliacha siku nilipojiuliza habari za kisomo cha mama yako alizipata kwa nani.

Haya yaliyotokea nyumbani niliyasikia kwa mama yako mara moja tu, siku ya arobaini, na hajayarudia tena. Alisema alipotoka zahanati aliweka akilini kwamba ya kunywa iko mkono wa kulia wa kikapu. Njiani mtoto alichafuka, akamteremsha kijitoni kumsafisha, akatoa chupa kwenye kikapu ili apate kitambaa. Alipozirudisha hakuwa na uhakika tena. Alifika nyumbani akaziweka mbele yake akazitazama. Alisema alizitazama zile herufi hata zikawa kama wadudu.

Jirani yetu, Mama Sikudhani, alikuwa nje anatwanga. Alikuwa mwanafunzi wangu, na alikuwa anasoma kweli. Zilikuwa hatua ishirini. Mama yako alichukua chupa zote mbili akatoka nazo hadi kwenye ua wa Mama Sikudhani. Mama Sikudhani akainua uso akamwambia, "Karibu Mama Mwalimu, leo umetuletea habari gani za gazeti?"

Mama yako akasema amekuja kuomba chumvi. Akapewa chumvi, akarudi.

Alinusa chupa zote mbili. Akachagua. Alimpa Rajabu vijiko vitatu, mchana, jioni na usiku, mara tatu kama mganga alivyosema kwa mdomo. Kesho yake mtoto akaanza kukakamaa na kutetemeka. Wavuvi waliwachukua kwa mtumbwi wa mashine kuwaleta hospitali ya Kigoma, na walipokuwa hawajaiona hata milima ya mjini, akafa mapajani mwake. Wavuvi waligeuza mtumbwi bila kuambiwa.

Wewe ulikuwa na miaka minane. Ulipelekwa kulala kwa jirani, na uliporudi uliambiwa mdogo wako amekwenda kwa Mungu. Yale mengine umeyaokota kwa wanawake kisimani, kidogokidogo, kama watoto wote wanavyookota mambo.

Mimi nilirudi siku ya pili. Nilikuta wamekwisha kuzika. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, mama yako ameketi chini katikati yao. Sikulia kwanza. Nilizunguka ndani ya nyumba kama mtu aliyepoteza kitu, nikaziona zile chupa dirishani. Nikachukua iliyopungua. Kwenye karatasi kuliandikwa kwa herufi kubwa: KUPAKA TU. SI YA KUNYWA.

Mama Sikudhani aliniona nimeishika. Akaja, akaisoma. Akamgeukia mama yako, na wala hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu asiyeelewa: "Mama Mwalimu, si ungesoma?"

Mama yako alinitazama mimi. Sikutambua kwamba ile ni nafasi. Najua leo tu kwamba ilikuwa nafasi. Nilikuwa na maneno manne ya kusema: mke wangu hajui kusoma. Cheti kilikuwa ukutani nyuma yangu. Nilifungua mdomo. Mdomo huu ambao haujawahi kukosa la kusema, hata mbele ya umati wa Uhuru, ulikuwa mkavu.

Mama yako akajibu mwenyewe. Alisema, "Nilisoma haraka haraka. Sikuangalia vizuri."

Basi ikawa hivyo. Kijiji kizima kikajua kwamba mke wa mwalimu, mwenye cheti, alimpa mwanawe sumu kwa uzembe. Mimi nilipewa pole. Watu walisema, maskini Mwalimu, na bidii yake yote ile. Nilizipokea pole hizo, Zainabu. Nilizipokea kama nilivyoupokea ule mkono wa mzee.

Nilitaka kukishusha cheti. Mama yako alinikataza. "Ukikishusha wataanza kuuliza," alisema. Kilikaa ukutani mpaka tulipohama. Hapa Ujiji niliacha kazi ya kufundisha, nikapata hii ya kuandika majina kwenye mizigo bandarini, na nikadhani mahali papya, ambapo hakuna anayetujua, ningeweza kurekebisha kitu. Nilinunua kitabu cha kuanzia. Nikamwambia mama yako, tuanze upya, polepole, sisi wawili, sitakukaripia. Aliketi. Alinisikiliza herufi tano za mwanzo kwa adabu yote. Kisha akafunga kitabu akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Hayo yamekwisha, Mwalimu." Nimejaribu mara nyingine mbili. Sina njia ya kumfikia, mwanangu. Nampikia maneno mazuri na hayali.

Sasa unakwenda. Ningependa kukuachia nasaha ya maana, lakini sina uhakika nayo yoyote. Nikikuambia usijisifu, hata mimi niliambiwa. Mama yangu aliniambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nikamwona mshamba. Na najua kwa nini mtu hujisifu, si kwa ubaya wote. Ukitoka mahali ambapo hakuna aliyekutazama, ukatazamwa mara moja, unataka kutazamwa tena. Jumapili nilikuona uso wako ulivyong'aa, nikaujua, ni wangu. Sijui utaoshwa kwa maji gani.

Labda hili moja, kwa sababu ndilo lililoniua. Maneno yako mengine utayasema juu yako na utayabeba mwenyewe, hayo si mazito sana. Lakini mtu ukimpenda, usimjengee sifa asiyoweza kukaa ndani yake. Ataogopa kukubomolea. Atazunguka na chupa zake mbili, na nyumba za watu wanaojua ziko wazi pande zote, na hataweza kuuliza.

Tena, huko shuleni watakapokuwa wanajua wote nawe hujui, sema hujui, siku hiyohiyo, kabla hujazoea kuinamisha kichwa.

Kuhusu mama yako sikuombi ufanye lolote. Usirudi na machozi, wala usimwandikie barua ya kutubu, kwa sababu barua zako nitamsomea mimi, na nitasimama katikati yenu tena. Hilo nalo nimelifikiria sana siku hizi. Kila utakachotaka kumwambia kitapita kwenye mdomo huu. Sijui niufanyeje.

Nimekudhulumu miaka sita. Ulimhukumu mama yako kwa kosa langu, nami nilikuwa naona, na kila mwaka ilikuwa vigumu zaidi. Sikuombi msamaha leo. Nimeandika ili ujue.

Ni mimi baba yako.

Nilikuwa nimekwisha kumaliza hapo juu mama yako alipoingia na shuka lako mkononi. Akaniuliza, "Unaandika nini kirefu hivyo?"

Nikamwambia, "Barua ya Zainabu."

"Nisomee."

Ningeweza kumsomea nyingine. Ningeweza kutunga palepale, barua ya nasaha na salamu, na asingejua. Nimekuwa nikimrukia vipande vya barua za ndugu zake miaka yote hii ili asihuzunike. Nilianza kutunga. Nilifika mstari wa tatu nikashindwa, nikarudi mwanzo, nikamsomea hii neno kwa neno. Yeye alikuwa anakunja shuka, anakunjua, anakunja.

Nilipomaliza aliliweka shuka juu ya sanduku lako. Nikamuuliza kama niichane. Akasema hapana. Akasema kuna mahali nimekosea.

"Wapi?"

"Pale kwa Mama Sikudhani. Umeandika kama vile niliogopa watu wanicheke. Watu walinicheka tangu nimeshuka kutoka Kalinzi, nimezoea. Mimi nilikufikiria wewe. Uliondoka asubuhi ile umevaa shati jeupe, unaimba, unakwenda kunisifu mjini. Nikasema, leo nisimharibie."

Nikamwambia nitaandika hivyo. Akasema, "Andika." Akasimama pale karibu na bega langu, akitazama kalamu inavyokwenda, mpaka nikafika hapa.